Makaburi ya Mbali



Mwezi wa Novemba ni mwezi wa marehemu. Tarehe 1 Kanisa huwaadhimisha Watakatifu wote walioko mbinguni, na kesho yake huwaombea waamini waliokufa ambao wangali wakitakaswa toharani. Siku hizo makaburi yetu hupendeza: majani hufyekwa, misalaba iliyoinama husimamishwa, mishumaa huwashwa, na watoto huonyeshwa ni nani alalaye hapa na ni nani alalaye pale. Ni desturi njema. Lakini zipo jamaa nyingi katika nchi yetu ambazo siku hiyo hazina kaburi la kufyeka. Baba amelala Mbeya, na wanawe wote wapo Mwanza. Mama alizikwa Songea, naye mumewe anaishi Tanga kwa mtoto. Kwao siku ya marehemu huja na huzuni mbili, ya kufiwa na ya kuwa mbali. Kwa ajili ya jamaa hizo naandika leo, maana mimi ni mmoja wao.

Yafaa kwanza tuseme wazi kwamba kutamani kuzikwa kwenu si dhambi, wala si mabaki ya upagani kama walivyodhani wengine. Maandiko Matakatifu yaijua sana tamaa hiyo. Sara alipofariki katika nchi ya Kanaani, Ibrahimu alikuwa mgeni asiye na hata kipande cha ardhi cha kumzikia mkewe. Alimlilia kwanza, kisha akainuka, akanunua pango la Makpela kwa shekeli 400 za fedha, wala hakuomba kupunguziwa bei. Yakobo alipokaribia kufa huko Misri alimwapisha mwanawe Yosefu kwamba hatamzika ugenini, bali atampeleka kulala pamoja na baba zake. Naye Yosefu aliagiza habari za mifupa yake, na Waisraeli wakaichukua pamoja nao jangwani miaka 40. Asiwepo basi mtu wa kutuambia kwamba mzee anayetaja kaburi la wazazi wake ana imani haba.

Lakini tamaa njema yaweza kugeuka ikawa bwana mkali. Siku hizi maiti husafirishwa kwa basi, kwa lori, hata kwa ndege. Kikao cha kwanza baada ya kifo mara nyingi si cha sala, ni cha hesabu: gari, mafuta, jeneza, chakula cha wasindikizaji, na kule nyumbani ng'ombe wa kuchinja. Katika karatasi hiyo nia ya Misa huandikwa mwisho kabisa, kama inaandikwa. Nimemwona mjane akirudi kutoka mazikoni na deni lililomaliza ada ya watoto wake. Nimewaona ndugu wa tumbo moja wakiacha kusalimiana kwa sababu mmoja alisema, "Azikwe hapa," na mwenziwe akasema, "Azikwe nyumbani." Na marehemu, ambaye maisha yake yote alikuwa mpatanishi wao, akawa ndiye sababu ya ugomvi.

Napenda sasa kuwasimulia habari za mama mmoja wa bara letu hili, Mtakatifu Monika, mwenyeji wa Thagaste, mji ambao leo uko nchini Algeria na huitwa Souk Ahras. Wengi wamjua kwa machozi aliyomwaga miaka mingi akimwombea mwanawe Agostino aongoke, na akina mama wengi wamemchukua kuwa somo wao. Habari za kufa kwake hazisemwi sana, nazo ndizo zitufaazo leo. Agostino mwenyewe ameziandika katika sehemu ya tisa ya kitabu chake cha Maungamo.

Mwaka 387, usiku wa Pasaka, Agostino alibatizwa mjini Milano na Askofu Ambrosi, pamoja na kijana wake Adeodatus. Baadaye mama, wana, mjukuu na rafiki walishika njia ya kurudi Afrika. Walipofika Ostia, bandari ya Rumi, walipumzika wakingoja kuvuka bahari, na hapo Monika akashikwa na homa. Siku ya tisa ya ugonjwa akafariki, akiwa katika mwaka wa 56 wa umri wake. Agostino alikuwa katika mwaka wake wa 33.

Mama huyo alikuwa ameshaweka tayari kaburi lake kwao, ubavuni mwa mumewe Patricius. Patricius alikuwa mtu wa hasira za haraka, naye alipokea Ukristo mwishoni mwa maisha yake. Lakini waliishi kwa kupatana, na Monika alitamani watu waseme kwamba hata baada ya safari zake za ng'ambo ya bahari, Mungu alimjalia kufunikwa udongo mmoja na mumewe. Jambo hilo lilimshughulisha miaka mingi. Ni nani kati yetu asiyelielewa?

Wanawe wawili walisimama kando ya kitanda. Yule mwingine, Navigius, ambaye hatumsikii akitajwa mara nyingi, alisema lile ambalo sisi sote tungalisema: ingekuwa heri mama asifie ugenini, bali afie kwao. Monika akamtazama kwa macho ya kumkemea, kisha akamgeukia Agostino kana kwamba amwambie asikilize hayo asemayo nduguye. Akawaagiza wote wawili wauzike mwili wake mahali popote, wasisumbuke kwa ajili yake. Aliwaomba jambo moja tu, kwamba wamkumbuke kwenye altare ya Bwana popote watakapokuwa. Baadaye Agostino alipata kusikia kwamba rafiki zake walikuwa wamemwuliza mama yake kama haogopi kuuacha mwili mbali hivyo na mji wake, naye akawajibu kwamba kwa Mungu hakuna palipo mbali, wala haogopi kwamba siku ya mwisho Mungu hatajua mahali pa kumfufulia.

Tazameni vema, wasomaji. Monika hakudharau kaburi la mumewe, maana alilipenda siku zote. Alikuwa na tamaa mbili, na saa ilipofika ile kubwa ikaimeza ile ndogo. Tena tusidhani kwamba aliwapunguzia wanawe kazi. Kusafirisha maiti ni kazi ya siku tatu au nne, watu hushangilia moyo wenu, kisha yamekwisha. Kumkumbuka marehemu altareni mwaka baada ya mwaka, wakati majirani wamekwisha kusahau hata jina lake, ni kazi nyingine kabisa, nayo haina mashahidi.

Mke wangu alifariki Tabora mwezi wa Machi mwaka 2009, mvua zikinyesha. Kwetu ni Kilimanjaro. Tulihamia Tabora kwa ajili ya ualimu, tukidhani ni kwa miaka michache, tukakaa zaidi ya 30. Na kila mtu ajua kwamba kwetu Wachagga mtu huzikwa katika kihamba chake, kati ya migomba, karibu na waliomtangulia. Lakini mwenzangu, miaka mingi kabla ya kuugua, jioni moja ya Novemba tulipokuwa tukitoka makaburini, aliniambia, "Baba watoto, mimi nikifia huku, msinipakie garini kama gunia la mahindi. Mnizike, mle, mlale. Misa ipo hapa hapa." Nilicheka, naye akacheka, lakini neno lake hakulifuta. Hakuwa amesoma Maungamo ya Mtakatifu Agostino. Alikuwa amesoma darasa la nne, na Katekisimu.

Alipofariki, mdogo wangu alinipigia simu kutoka nyumbani kwa uchungu mwingi. "Kaka, shemeji alale peke yake huko ugenini? Nani atamsalimia?" Swali hilo liliniingia moyoni kuliko pole zote nilizopewa siku ile, kwa kuwa lilitoka katika upendo. Nilimweleza maneno ya marehemu. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Kama ni yeye aliyesema, na tumtii." Akapanda basi, akaja na mche wa isale uliochimbuliwa kihambani, tukaupanda kando ya msalaba. Umeota vizuri katika mchanga wa Tabora.

Hapa napenda kusema neno juu ya machozi, hasa kwa wanaume wa rika langu, ambao tulifundishwa kwamba mwanamume Mkristo halii mazikoni, kwa sababu ana tumaini la ufufuko. Agostino naye alidhani hivyo. Alimfumba mama yake macho, akajizuia. Kijana Adeodatus alipopaza kilio, wakubwa walimnyamazisha. Rafiki yao Evodius akashika kitabu cha Zaburi, akaanza kuimba, na nyumba nzima ikaitikia. Maiti ikapelekwa, sadaka takatifu ikatolewa karibu na kaburi kabla ya kuzika, kama ilivyokuwa desturi ya huko, na Agostino hakulia. Akaenda kuoga, kwa sababu alisikia kwamba maji ya moto huondoa huzuni. Akatoka majini na huzuni ile ile aliyoingia nayo! Akalala. Alipoamka, akiwa peke yake kitandani, akakumbuka jinsi mama yake alivyokuwa, na hapo tu ndipo alipoyaachia machozi. Naye alipoandika habari hizo miaka kadhaa baadaye, akiwa Askofu, aliona haja ya kujitetea kwa msomaji kwa sababu alimlilia mama yake sehemu ndogo ya saa.

Mimi, kwa heshima yote niliyo nayo kwa Mwalimu huyo mkuu wa Kanisa, naona alilia kidogo mno. Bwana wetu Yesu Kristo alimlilia Lazaro mbele ya watu wote, naye alijua kwamba punde si punde atamwita kutoka kaburini. Kama yeye aliyejua hivyo alilia, sisi tusiojua siku wala saa tutajizuiaje? Tena na watoto waachwe walie. Nyumbani mwetu mjukuu wa miaka sita alilia kwa sauti wakati wa kufunika jeneza, na mtu mmoja akamkemea. Ningalikuwa na nguvu siku ile ningalimwambia mtu yule amwache, kwa maana mtoto alikuwa akilia kwa niaba yetu.

Lakini turudi kwenye swali la mdogo wangu: je, aliyezikwa mbali amelala peke yake? Musa alizikwa katika nchi ya Moabu, na Maandiko yasema kaburi lake halijulikani na mtu. Bwana wetu mwenyewe hakuzikwa Nazareti. Alizikwa Yerusalemu, haraka haraka kabla ya Sabato, katika kaburi la Yosefu wa Arimathaya. Mama yake, aliyesimama chini ya msalaba, hakupewa nafasi hata ya kuuliza itakuwaje. Kaburi ambalo Wakristo wa dunia nzima hulisafiria ni kaburi la kuazimwa.

Tukumbuke na ya kwetu. Katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918 wapagazi wa nchi zetu hizi walibebeshwa mizigo ya majeshi ya Wazungu kutoka pwani hadi maziwa makuu. Makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, kwa kuhara na kwa kuchoka, na wengi wao hawana kaburi lijulikanalo. Jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi hao, na sisi hupita hapo tukinunua vitunguu bila kuwakumbuka. Nani aliwarudisha hao vihambani kwao? Basi ilikuwa katika vita hivyo hivyo, mwaka 1915, Baba Mtakatifu Benedikto XV alipowaruhusu mapadre wote kutoa Misa tatu siku ya Marehemu Wote, akiwafikiria hasa waliokuwa wakiuawa kwa wingi. Moja ya Misa hizo ni kwa ajili ya waamini marehemu wote. Mkristo aliyeangukia porini Rufiji, ambaye mama yake hakuletewa hata habari, ameombewa katika kila parokia ya dunia kila tarehe 2 Novemba tangu wakati ule. Mdogo wangu aliuliza nani atamsalimia shemeji yake. Mimi naona wanaosalimiwa hivyo ni wengi kuliko tunavyofikiri.

Wapo wanaoniuliza kwa sauti ya chini kama mama watoto hunijia usiku. Najua kwa nini wanauliza. Wengi wetu, hata tuliobatizwa utotoni, tukimwota marehemu twaamka na hofu: labda ana njaa, labda amekasirika kwa kuzikwa mbali, labda ataka ng'ombe. Agostino alipokuwa mzee alimwandikia Askofu Paulinus wa Nola kijitabu juu ya kuwatunza wafu, akalisema jambo hili kwa namna iliyonifariji sana. Alisema kwamba kama ingekuwa katika uwezo wa wafu kutujia usingizini wapendapo, mama yake mwenye uchaji, aliyemfuata nchi kavu na baharini, hangekosa kumjia hata usiku mmoja. Asipokuja, si kwamba amepungukiwa na upendo. Ndoto zetu ni zetu, na marehemu wetu wako mikononi mwa Mungu. Katika kijitabu hicho hicho afundisha kwamba heshima za mazishi na mahali pa kaburi hufariji walio hai kuliko kuwasaidia wafu, ambao husaidiwa na sadaka ya altare, sala na matendo ya huruma. Humwota mwenzangu mara chache, na mara zote anapeta mchele. Nikiamka nasali Salamu Maria tatu, nalala.

Sisi wazee tuna ugonjwa wetu mwingine, ugonjwa wa kutazama nyuma. Naukumbuka usiku wa kihambani kwetu: maji ya mfongo, ule mfereji waliouchimba mababu, yakipita nyuma ya nyumba, moshi wa jiko la mama ukipenya migombani, baba akiongoza Rozari na sisi watoto tukisinzia tangu fumbo la pili. Mwaka 2017 nilikwenda huko. Mfongo umekauka. Kihamba kimegawanywa kwa warithi mara ya tatu, hata imekuwa shida kupata mahali pa kuchimba kaburi bila kung'oa mgomba wa mtu. Pale ilipokuwa nyumba ya baba pana nyumba ya matofali ya mtoto wa ndugu yangu, nzuri kuliko ile tuliyokulia. Tulikaa uani, mdogo wangu na mimi, tukahesabu majina ya waliokuwa wakija kwa Noeli zamani. Yeye hakuondoka pale hata mwaka mmoja, wala hakuzika ugenini, lakini naye alisema, "Kaka, nyumbani kwetu pamekwenda wapi?"

Sikumjibu kwa maneno makubwa. Jioni ile tulisali Rozari ya baba, wazee wawili, tena bila kusinzia.

Sasa niseme machache yatupasayo. Wazazi, semeni mapenzi yenu mngali wazima, tena mbele ya watoto wote, wala si kwa mmoja tu, yaandikeni ikiwezekana. Neno moja la mama lililosemwa kwa utani njiani liliokoa amani ya ukoo wetu. Watoto, kama mnazo nguvu za kumpeleka mzazi wenu kwao bila deni na bila ugomvi, mpelekeni, mmefanya vema kama Yosefu alivyofanya. Kama hamna, zikeni pale mlipo kwa heshima na wala msijione mmemtupa. Na katika karatasi ya hesabu, nia ya Misa iandikwe mstari wa kwanza, juu ya gari na ng'ombe. Kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba, mwenye kuzuru makaburi kwa ibada na kuwaombea marehemu aweza kuwapatia rehema kamili, akitimiza masharti yajulikanayo: kuungama, kupokea Komunyo Takatifu, kusali kwa nia za Baba Mtakatifu na kuacha kila upendo wa dhambi. Kanisa halikusema ni lazima yawe makaburi ya jamaa yako. Wewe uliye Mwanza nenda makaburini Mwanza, ukasimame penye msalaba wa mtu usiyemjua. Huenda wanawe wako Mbeya, nao wamesimama kwa baba yako.

Kuhusu Monika, masalia yake yalihamishwa kutoka Ostia kwenda Rumi mwaka 1430. Hivyo hata yeye alisafirishwa hatimaye, baada ya miaka zaidi ya 1,000, wala hakuulizwa. Mwaka 1945 watoto waliokuwa wakichimba shimo karibu na kanisa la Mtakatifu Aurea huko Ostia walifukua kipande cha marumaru chenye maandishi ya kaburi lake la kwanza. Lile kaburi alilojiwekea Thagaste halikumpata kamwe. Lakini Agostino, alipomaliza kuandika habari za mama yake, aliwaomba wote watakaokisoma kitabu chake wamkumbuke altareni Monika, na pamoja naye Patricius, aliyekuwa mumewe. Mume amezikwa Afrika, mke amezikwa Italia, na mtoto wao akayaweka majina yao pamoja katika sala moja.

Nyumbani kwetu tuna daftari la shule, la kurasa 80, lenye majina ya marehemu wa pande zote mbili, ya ukoo wangu na ya ukoo wa mke wangu, na mwaka wa kufa kwa kila mmoja pale tunapoujua. Mwisho wa Oktoba binti yangu huyanakili, huyatuma kwa simu kwa nduguze, na kila mmoja huyapeleka parokiani kwake ndani ya bahasha. Mwaka huu yamefika 61. Mkubwa atakuwa katika Misa ya alfajiri Dodoma, wa pili Mwanza, kitinda mimba Dar es Salaam baada ya kazi. Mdogo wangu ameniambia atakwenda kanisani kwetu kule mlimani, kwa miguu, ingawa magoti yanamsumbua. Mimi nitakuwa Tabora.